Kiingereza cha Kitaaluma kwa Walimu wa Kisumu na Ufuo wa Ziwa: Mwongozo wa Kujiendeleza

Kiingereza cha kitaaluma ni rejesta, yaani mtindo wa lugha unaoambatana na shughuli maalumu, ambayo hutumiwa kutoa dai, kulitolea ushahidi na kulipima mbele ya msomaji asiyemjua mwandishi na asiye na sababu yoyote ya kumwamini. Maana hii inastahili kutangulizwa, kwa kuwa katika shule nyingi za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori Kiingereza hicho hudhaniwa kuwa ni kile cha maneno mazito, ambayo mwanafunzi huyakusanya katika daftari la msamiati na kuyamwaga katika insha bila kujali kama kila neno limekaa mahali pake. Mwalimu wa Kiingereza wa shule ya upili, ambaye ndiye anayelengwa na mwongozo huu, hutarajiwa kuwafundisha wengine rejesta ambayo mara nyingi yeye mwenyewe aliiacha siku alipowasilisha kazi yake ya mwisho chuoni. Hoja inayoshikiliwa hapa ni kwamba hatairudia kwa kukariri orodha, bali kwa kuandika mwenyewe, kila wiki, madai madogo kuhusu mambo anayoyafahamu vizuri, na kuyasugua hadi msomaji mkali akose pa kuyakamatia.

Hali ya lugha katika ufuo huu ina upekee wake. Mtoto wa Dunga, wa Usenge au wa kisiwa cha Rusinga hukua na Dholuo nyumbani, hupata Kiswahili na Sheng sokoni na kwenye steji za matatu, na Kiingereza hukutana nacho ubaoni. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 iliunga mkono Kiingereza kiwe lugha ya kufundishia tangu darasa la kwanza. Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ikapendekeza lugha ya eneo itumike katika madarasa matatu ya mwanzo, Kiingereza kishike nafasi hiyo kuanzia darasa la nne, na pendekezo hilo ndilo lililojenga sera inayojulikana na walimu wengi, ingawa shule nyingi za mjini huanza na Kiingereza mapema zaidi. Mwaka 1979 mtafiti wa Kanada, Jim Cummins, alitenganisha stadi za mazungumzo ya kila siku na umilisi wa lugha ya kitaaluma, na kazi zake zilizofuata zikaonyesha kwamba watoto wa wahamiaji huzipata stadi za mazungumzo kwa takriban miaka 2, ilhali umilisi wa kitaaluma huwachukua miaka 5 hadi 7. Utengano huo una manufaa makubwa, lakini mfuatano wake hauwezi kuhamishwa kama ulivyo hadi Kisumu. Mtoto wa mhamiaji mjini Toronto husikia Kiingereza uwanjani kabla ya kukisoma, na mwanafunzi wa Nyalenda hukisoma kitabuni muda mrefu kabla ya kukisikia kikitumiwa kwa utani, kwa kubembeleza au kwa ugomvi.

Kutokana na hali hiyo, mwalimu hana haja ya kungoja mwanafunzi azungumze kwa wepesi ndipo amfundishe kuandika kitaaluma, wala hapaswi kujipima yeye mwenyewe kwa lafudhi. Dholuo haina sauti ya "sh" inayosikika katika "shule", na ndiyo sababu neno "fish" hutoka kinywani mwa baadhi ya wazungumzaji kama "fis". Tofauti za matamshi ya namna hiyo hutahiniwa katika stadi za mazungumzo na zina nafasi yake darasani, lakini hazipunguzi hata chembe uwezo wa mtu wa kujenga hoja, na inasikitisha kwamba walimu wenye vichwa vizuri hujizuia kuwasilisha makala mbele ya wenzao kwa hofu ya sauti moja.

Kinachowanyima wengi umilisi ni uchache wa mazoezi. Mtihani wa KCSE, chini ya mfumo wa 8-4-4, una karatasi tatu za Kiingereza zenye jumla ya alama 200: ya kwanza, yenye alama 60, hupima uandishi wa kiuamilifu, kujaza mapengo na stadi za mazungumzo, ya pili, yenye alama 80, hupima ufahamu, uhakiki wa fasihi na sarufi, ya tatu, yenye alama 60, huwa na insha ya ubunifu na insha mbili za vitabu teule. Ni hasa katika hizi insha za vitabu teule ndipo mtahiniwa hudaiwa dai, mfano kutoka kitabuni na maelezo yanayoviunganisha, na walimu wameupunguza mpango huo kuwa kanuni ya utangulizi, hoja nne na hitimisho. Kanuni hiyo huleta alama, na mwalimu hawezi kulaumiwa kwa kuitumia, lakini baada ya miaka michache yeye mwenyewe huwa haandiki tena kitu kingine isipokuwa maazimio ya kazi, maandalio ya somo, kumbukumbu za mikutano ya idara na maoni mafupi katika ripoti za wanafunzi. Akijisajili kwa shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Maseno au kile cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo, hugundua kwamba pendekezo la utafiti halijengwi kwa hoja nne.

Mahali pa kuanzia ni usomaji, lakini usomaji wa namna ambayo fundi wa mashua hukagua mashua ya fundi mwenzake: baada ya kuona kwamba inaelea, huinama kutazama mbao zimeunganishwa vipi. Makala moja kila wiki mbili inatosha. Ripoti ambazo Baraza la Mitihani, KNEC, hutoa kuhusu majibu ya watahiniwa zinafaa sana, kwa kuwa mwalimu anayajua mambo yenyewe na anaweza kuelekeza macho kwenye lugha. Vivyo hivyo makala za watafiti wa uvuvi, kama wale wa taasisi ya KMFRI yenye kituo mjini Kisumu, kwa sababu zinazungumzia omena, mbuta na ngege ambao msomaji huwaona kila siku. Katika kusoma mara ya pili mwalimu akoleze kwa penseli kila kitenzi kinachobeba dai, kisha ajiulize ni kipi kinachothibitisha, kipi kinachodokeza tu, na kipi kinachomtwika mtu mwingine jukumu la kauli.

Utangulizi wa makala ya utafiti unahitaji kutazamwa peke yake. John Swales, katika kitabu chake kuhusu uchanganuzi wa tanzu kilichotoka mwaka 1990, alieleza kwamba waandishi wa makala hizo hupiga hatua tatu: kwanza huonyesha kwamba uwanja fulani una umuhimu, pili huonyesha pengo lililobaki katika uwanja huo, tatu husema jinsi kazi yao itakavyoliziba. Mwalimu anayetaka kuchunguza jinsi wanafunzi wa Ahero wanavyotumia Dholuo katika kazi za vikundi ataanza na nafasi ya lugha ya kwanza katika ufundishaji, ataendelea hadi kwenye jambo ambalo waliomtangulia hawakuligusa, labda shule za mashambani zilizo karibu na mji, na hapo ndipo atakapotaja utafiti wake. Hatua ya pili ndiyo huwashinda wengi. Malezi mema ya huku humfunza mtu kutowakosoa waliomtangulia, na mwandishi mwenye adabu huishia kuwasifu wote na kubaki bila pengo la kuziba; ilhali kusema kwamba kazi fulani ilihusu wilaya nyingine, au ilifanywa kabla ya mtaala kubadilishwa, si utovu wa heshima kwa aliyeiandika.

Kuhusu msamiati, msingi wa kisayansi upo na ni mwembamba kuliko unavyodhaniwa. Michael West alichapisha mwaka 1953 orodha ya takriban familia 2,000 za maneno ya Kiingereza yanayotumika zaidi, na Averil Coxhead wa New Zealand akatoa mwaka 2000 orodha ya familia 570 zinazojitokeza katika maandishi ya taaluma zote, nje ya zile za West. Familia ya maneno ni neno moja pamoja na jamaa zake wote, kama "analyse", "analysis" na "analytical". Familia hizo 570 huchukua takriban asilimia 10 ya maneno katika maandishi ya kitaaluma, na hakuna hata moja kati yake inayomshangaza mtu anaposikia. "Factor", "significant" na "derive" ni maneno matulivu. Kazi ya mwalimu si kuyajua, maana anayajua, bali ni kujua yanakaa na nani. Daftari la msamiati liandikwe kwa vifungu vizima, kwa mfano kwamba utafiti "is conducted", tishio "is posed" na pengo "is addressed", kwa kuwa neno sahihi lililowekwa kando ya jirani asiyelifaa humtambulisha mwandishi mgeni haraka kuliko kosa la tahajia.

Sifa inayotenganisha zaidi maandishi ya kitaaluma na masimulizi ni unominishaji, yaani kugeuza kitendo au sifa kuwa nomino, jambo ambalo mwanaisimu M. A. K. Halliday alilichunguza kwa kina. Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu huandika hivi: "The hyacinth came and covered the beach and the fishermen could not go out, so omena became expensive." Sentensi hii haina kosa la sarufi na inaeleweka, ni simulizi nzuri ya mtu aliyekuwapo. Toleo la kitaaluma litasema: "The spread of water hyacinth blocked access to the fishing grounds and may have contributed to the rise in omena prices." Magugumaji hayaji tena wala kufunika, bali kuenea kwake kumekuwa kitu ambacho kinaweza kupimwa kwa hekta na kufuatiliwa mwezi hadi mwezi, na kupanda kwa bei nako kumekuwa kitu cha pili kinachoweza kuwekwa mkabala na cha kwanza. Uhusiano wa vitu hivyo viwili, ambao katika simulizi ulibebwa na kiunganishi kidogo cha "so", sasa umebebwa na kitenzi "contributed", na mbele yake limesimama neno "may", linalokiri kwamba bei ya omena hupanda pia wakati wa mbalamwezi, wavuvi wa taa wanapopata samaki wachache.

Mwalimu anayekitumia Kiswahili sanifu tayari anao ufunguo wa jambo hili, kwa kuwa Kiswahili hunominisha kwa urahisi mkubwa: magugumaji yameenea, kuenea kwa magugumaji, maji yamechafuka, uchafuzi wa maji, wavuvi wanahama, uhamaji wa wavuvi. Zoezi la kuchukua aya ya simulizi, kuinominisha kwanza kwa Kiswahili na kisha kwa Kiingereza, huleta matunda upesi kuliko maelezo yoyote ya kisarufi, na linafaa kwa mwalimu kabla ya kulipeleka darasani. Hata hivyo unominishaji una hatari ambayo haipaswi kufumbiwa macho, nayo ni kwamba humfuta mtenda. Ripoti inaposema kwamba uchafuzi wa ziwa umeongezeka, aliyemwaga maji machafu hatajwi, na mwandishi mwaminifu hujiuliza kila mara kama amemficha mtu kwa sababu hajulikani, au kwa sababu kumtaja kunaleta shida.

Neno "may" la hapo juu ni sehemu ya jambo jingine linaloitwa lugha ya tahadhari, yaani maneno yanayolingana na kiasi cha ushahidi alionao mwandishi. Shule zetu huutuza uhakika, na mdahalo wa Ijumaa huutuza zaidi, kiasi kwamba mwanafunzi hujifunza kuona "perhaps" kama udhaifu. Mwanafunzi anayeandika kwamba mbuta, aliyeingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwamaliza samaki wote wa asili, amesema zaidi ya anachoweza kuthibitisha, kwa kuwa omena angali ananunuliwa Kibuye kila asubuhi, na uvuvi wa kupita kiasi pamoja na uchafuzi vina sehemu yao katika lawama. Akiandika kwamba mbuta "is widely regarded as one of the causes" wa kupungua kwa aina nyingi za samaki wa asili, hajarudi nyuma hata kidogo. Amesimama mahali ambapo hasukumiki. Zana za kufikiria hivyo zimo katika lugha anazozijua, kwa kuwa Kiswahili kina huenda, yaelekea na yamkini, na Dholuo ina "nyalo bedo" kwa jambo linaloweza kuwa kweli na "iwacho ni" kwa jambo linalosemwa na watu.

Usemi huo wa mwisho unafungua mlango wa kufundisha unukuzi, yaani kueleza kauli fulani imetoka kwa nani. Karibu na Kendu Bay kuna ziwa dogo la Simbi Nyaima, ambalo kwa mujibu wa masimulizi ya Waluo ni kijiji kilichozama kwa gharika baada ya wenyeji kumnyima ukarimu bibi kizee aliyefika katika sherehe, na ambalo kwa wanajiolojia ni ziwa la kreta lililotokana na mlipuko wa volkeno. Mwalimu na aandike aya moja yenye maelezo yote mawili bila kuidharau jamii wala sayansi, na ataona jinsi uzito wote unavyoangukia vitenzi vya kuripoti. Wazee wanasimulia, kwa hiyo "narrate" inafaa. "Claim" ingewafanya waonekane waongo, na "prove" ingewapa kazi ambayo hawakuiomba. Wanajiolojia wanaeleza asili ya shimo lenyewe, kwa hiyo "attribute" inafaa, lakini hawasemi lolote kuhusu ukarimu, na mwandishi hana ruhusa ya kutumia sayansi yao kuibatilisha maana ya simulizi. Aya ya maneno 120 ya namna hii inaweza kumchukua mwalimu jioni nzima, na muda huo haujapotea.

Makosa madogomadogo ya sarufi yasipewe nafasi kubwa kuliko yanayostahili. Dholuo na Kiswahili hazina vibainishi vinavyolingana na "a" na "the", wala hazitofautishi mwanamume na mwanamke katika kiwakilishi cha nafsi ya tatu, kwa hiyo makosa ya vibainishi na ya "he" na "she" yatazidi kujitokeza hata kwa waandishi wazuri, na dawa yake ni kupitia rasimu mara moja zaidi kwa ajili ya hayo tu. "Discuss about" huenda imezaliwa na kujadili kuhusu. Ikijulikana chanzo chake, huondoka bila fimbo.

Kurudi kwenye vitabu teule kunafaa hapa, kwa kuwa ndipo mwalimu anapoweza kuunganisha kujiendeleza kwake na kazi anayolipwa kuifanya. Katika The River and the Source, riwaya ya Margaret Ogola iliyotoka mwaka 1994 na kuwahi kutahiniwa katika KCSE, Akoko husafiri hadi Kisumu kupeleka malalamiko yake kwa serikali ya kikoloni baada ya shemeji yake Otieno kujitwalia madaraka. Wanafunzi karibu wote huandika "Akoko is a strong woman", kisha husimulia safari hiyo kwa urefu. Mwalimu akiandika jibu lake mwenyewe anaweza kufika kwenye dai kama hili: "Akoko's journey to Kisumu suggests that she trusts a distant authority more than the kinsmen who should protect her." Dai hili ni bora kwa sababu linaweza kupingwa. Mwenzake katika idara anaweza kujibu kwamba Akoko haiamini serikali hiyo hata kidogo, bali anaitumia kama mtu anavyotumia kivuko asichokipenda kwa sababu hakuna kingine, na wawili hao watalazimika kurudi kitabuni kutafuta ni maneno yapi yanayowaunga mkono. Mabishano hayo, yakiandikwa kwa zamu katika kurasa mbili, ni mafunzo kamili ya Kiingereza cha kitaaluma yasiyogharimu senti.

Kikundi cha walimu watatu au wanne kinatosha kwa kazi hiyo, kikutane mara moja kila wiki mbili, na sharti lake liwe moja tu, kwamba anayekuja mikono mitupu hasomi kazi ya wenzake. Anayesoma asianze na herufi kubwa na alama za mkato, bali aseme kwa maneno yake mwenyewe dai la mwandishi ni lipi. Akishindwa, aya imeshindwa. Programu za akili unde zinazoandika Kiingereza laini kwa sekunde chache sasa zimo katika simu za walimu wengi, na zinaweza kusaidia kukagua vibainishi, lakini mwalimu anayeziachia dai lenyewe hubaki na ukurasa asioweza kuutetea, na wanafunzi wake hulitambua jambo hilo mapema kuliko anavyodhani. Wizi wa maandishi nao, yaani kutumia maneno au mawazo ya mwingine bila kumtaja, huzuilika kwa desturi rahisi ya kufunga chanzo kabla ya kuandika, kisha kukifungua tena ili kulinganisha.

Kwa kazi ndefu ya kwanza, mwalimu achague jambo moja linalohesabika na lililo karibu. Bei ya gorogoro la omena katika soko la Kibuye, ikiandikwa kila Jumamosi kwa muhula mmoja kwa muuzaji yuleyule, pamoja na hali ya mwezi na mvua, hutoa jedwali dogo ambalo ripoti ya maneno 1,500 inaweza kusimama juu yake: utangulizi wenye pengo, maelezo ya jinsi bei zilivyokusanywa, matokeo, na mjadala unaosema kwa tahadhari ni nini kinachoweza na kisichoweza kudaiwa kutokana na soko moja. Rasimu iandikwe likizo ya Agosti, inapowezekana asubuhi, na isomwe na kikundi shule zinapofunguliwa. Nakala ya pili, yenye makosa yake yote na bila jina, ipelekwe Kidato cha Tatu pamoja na kalamu nyekundu, wanafunzi waombwe kuonyesha kila mahali ambapo mwandishi amesema zaidi ya jedwali lake, na mwalimu asimame nyuma ya darasa akinakili wanachosema.